Pikipiki ya Mwoka Mikate

2 Machi

Daftari hili ni la kazini. Upande wa mbele naandika mvua, kama ninavyolipwa kufanya. Kurasa za nyuma nimejitwalia mwenyewe, na atakayeuliza nitamjibu.

Leo Mkuu wa ofisi ameniita akaniambia nikae. Hapo hapo nikajua mambo si mazuri, maana siku za heri tunamalizana mlangoni. Akasema kituo cha kilimani kitafungwa msimu huu wa mvua. Mwaka jana gari la ofisi lilikwama kule mara tano, dereva amegoma, na kwa miguu ni mwendo wa saa mbili kupanda tu. Kipimamvua kinasomwa saa tatu kamili asubuhi, na karatasi lazima iwe mezani kwake saa nne. Simu kule haishiki. "Kwa hiyo, mama, msimu huu utakaa masjala," akasema, kama mtu anayenipa zawadi.

Masjala ni chumba kisicho na dirisha. Ndani kuna mafaili, vumbi, na karani mmoja anayepiga chafya. Mimi nina miaka hamsini na mbili, na kwa miaka ishirini na minane nimesoma mvua ya kilimani kwa macho yangu mwenyewe. Siku kavu tunaandika sufuri. Siku ambayo hakuna aliyefika tunachora kistari. Mimi sijawahi kuchora kistari, na sitaanza uzeeni.

"Na nikipata njia yangu ya kufika?" nikamwuliza.

Akacheka. "Ukipata njia yako, mimi ni nani nikuzuie?"

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, asije akayakana.

4 Machi

Nimenunua pikipiki.

5 Machi

Jana nilikuwa naisafisha mpaka usiku, sikuandika zaidi.

Ni ya mwoka mikate wa mtaa wa nyuma. Amepata kigari, hana kazi nayo tena. Zamani ilikuwa nyekundu. Kiti kimeshonwa kwa uzi wa magunia, mshale wa kipima mwendo umekufa kwenye arobaini, na nyuma kuna sanduku la mikate ambalo sikutaka liondolewe. Jana nilipoisukuma kurudi nyumbani, mbwa wawili walinifuata kwa ajili ya harufu.

Mume wangu alikuwa barazani na kikombe chake. Huyu ni mtu ambaye hakuna kitu nyumbani hajakifungua: redio, pasi, saa ya ukutani, hata miwani yangu. Nilitegemea atafoka, au atachuchumaa aikague injini. Hakufanya moja wala jingine. Aliiangalia, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Ningependa angefoka.

7 Machi

Jumapili asubuhi, uwanja wa mpira wa shule, mimi peke yangu. Mara ya mwisho kupanda pikipiki ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita.

Mikono inakumbuka. Kiuno kinakumbuka na kinalalamika. Shida ni mguu wa kushoto. Pikipiki yangu ya zamani gia zote zilikuwa za kukanyaga mbele: ya kwanza, ya pili, ya tatu, wewe unakanyaga tu. Hii unakanyaga ya kwanza, halafu zilizobaki unazipandisha kwa kuinua kwa ncha ya kiatu. Nikitaka ya tatu mguu unakanyaga wenyewe, inaingia ya kwanza, pikipiki inaguna na kunitupa kifuani kwenye usukani. Nimezunguka uwanja mara arobaini. Mara tisa nimekosea.

Nilipomaliza nilikuwa na matope mpaka masikioni na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

9 Machi

Binti yangu ameitisha kikao. Ana miaka ishirini na mitano, anauza dawa katika duka la dawa la mjini, na amezoea kuwaambia watu wazima wanywe nini na lini. Alikaa katikati ya sebule. Baba yake alikaa pembeni, anaangalia miguu yake.

Hakuzunguka. Alikunja mkono wa shati mpaka juu akanyoosha mkono wake wa kulia, nao ukaishia njiani kama kawaida yake. Kiwiko hicho hakijanyooka tangu alipokuwa na miaka sita.

"Mama, mkono huu hapa. Uangalie vizuri kabla hujawasha hicho kitu."

Nauangalia kila siku. Tulikuwa tunateremka, yeye nyuma amenikumbatia kiuno. Kwenye kona nilikanyaga breki kwa mguu wa kulia na sikuipata. Hakukuwa na kitu chini ya mguu. Tuliingia mtaroni na yeye akatangulia. Nilipowaambia watu pedali ilikuwa tupu, mume wangu alisema hapana, ulikuwa unakimbia, mguu ulikosea. Baadaye nami nikaamini. Siku ya tatu, kwenye korido ya hospitali, akaniambia niape sitapanda pikipiki tena maisha yangu yote, na nikaapa.

"Uliapa," binti akasema leo.

"Niliapa."

"Sasa?"

"Sasa natengua. Atakayenichoma moto kwa kiapo changu ni Mungu, si wewe."

Akamgeukia baba yake. "Baba, sema kitu."

Mzee wangu akasema anakwenda kuangalia kama maji yanatoka. Maji yalikuwa yanatoka tangu asubuhi.

10 Machi

Hakuna anayesema na mwenzake. Nimepika chakula kingi kwa hasira, kimebaki.

15 Machi

Leseni ilihuishwa Ijumaa. Kijana wa dirishani alitazama tarehe yangu ya kuzaliwa, akanitazama mimi, akaitazama tena tarehe. Nikamwuliza kama ana swali. Hakuwa na swali.

Leo nimepanda kilima kwa pikipiki mara ya kwanza. Barabara kavu, dakika thelathini na tano. Saa tatu kamili nilikuwa nimesimama mbele ya kipimamvua changu kwenye ua wa mama mfuga mbuzi. Mama huyo alitoka na ndoo akasema, "Ee, leo umeleta mikate?" Nimeandika sufuri. Saa nne kasoro dakika tano nikaiweka karatasi juu ya meza ya Mkuu, juu kabisa ya gazeti lake alilokuwa anasoma.

19 Machi

Mvua imeanza. Milimita 11.4.

20 Machi

23.0. Barabara bado inabeba.

21 Machi

8.6. Nimekosea gia mara mbili, zote kwenye tope. Sikuanguka.

27 Machi

Nimemwomba mume wangu anikazie kioo cha pembeni, kinacheza. Spana zake zimepangwa ukutani kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa. Akasema mgongo unamuuma. Baada ya nusu saa nikamkuta juu ya ngazi anabadilisha balbu ambayo haijaungua.

Sawa. Kama ananinunia, anune. Nimekaza mwenyewe.

2 Aprili

41.2. Maji yamekula ukingo wa barabara pale kwenye mteremko mkali. Mkuu ananiuliza kila siku, "Bado tu?" Namjibu, "Bado tu." Karani wa masjala amenitengea meza, ameifuta vumbi kabisa. Nimemshukuru, nikamwambia aweke maua.

5 Aprili

Binti amepita na dawa za baba yake za presha. Aliipita pikipiki kama vile haipo, lakini kupitia dirishani nilimwona anaugusa mkono wa usukani kwa kidole kimoja. Nilijifanya kipofu.

11 Aprili

Nimeanguka.

Nitaandika yote, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na ya kwake ya kusimulia. Mvua ya usiku kucha, asubuhi imebaki rasharasha. Nilikuwa napanda ule mteremko uliokatika ukingo, gia ya pili. Barabara ikawa laini kidogo, nikataka ya tatu, na mguu ukakanyaga. Ikaingia ya kwanza. Gurudumu la nyuma likashika ghafla, likateleza, nikajikuta nimelala ubavu na pikipiki inaunguruma juu ya goti langu. Sanduku la mikate lilibiringika mpaka chini.

Nililia. Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilidhani wamesema kweli wote, kwamba miguu yangu haiaminiki, na mtoto wangu amebeba mkono huo kwa ajili ya miguu hii.

Kisha nikatazama saa. Saa tatu kasoro dakika ishirini. Pikipiki haikuwaka. Nikaiacha pale pale na kupanda kwa kuchechemea, na nilisoma mvua saa tatu na dakika hamsini: 58.7. Mama mfuga mbuzi alinifunga goti kwa kitambaa, akaita vijana wa jirani tukaishusha pikipiki mpaka kwa fundi.

Karatasi niliifikisha ofisini saa sita mchana. Mkuu aliitazama, akasema kwa upole, "Andika saa tatu kamili, mama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi kesho pumzika. Tukae chini tuzungumze habari ya masjala."

Nimeandika saa tatu na dakika hamsini. Nyumbani binti amekuja, ameona goti, akafungua mkoba wake. Alisafisha kidonda kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haufiki. Hilo lilinichoma kuliko dawa.

12 Aprili

Leo sijui nianzie wapi.

Kilimani alipanda mwenzangu anayesoma kituo cha bondeni, kwa miguu, aliondoka alfajiri. Kistari hakikuchorwa. Namdai Mungu amlipe.

Mimi nilikwenda kwa fundi. Jina lake mtaani ni Bwana Kesho, kwa sababu kila kazi kwake ni ya kesho, lakini leo nilimkuta amekwisha kutoa gurudumu la nyuma. Nilimwambia usihangaike sana, kosa si la pikipiki, ni la miguu ya mwenyewe. Akaniuliza miguu imefanya nini. Nikamweleza habari ya gia. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Hilo? Hilo kila anayerudi barabarani analifanya. Mimi mwenyewe nililala mtaroni mwezi mzima. Mguu wako una akili, mama, unakumbuka ulichofundishwa. Mpe muda."

Kwa sababu alinifariji, nikamwambia na ile nyingine, ya miaka kumi na tisa, ya mguu wa kulia uliokosa breki. Nilimwambia kama utani. Yeye hakucheka.

"Uliikosa pedali, au pedali ilikuwepo ikazama?"

Nilifikiri. Sijawahi kuulizwa hivyo. "Ilizama," nikasema. "Kama kukanyaga hewa."

Akachukua nati ndogo kutoka kwenye kopo akaniwekea kiganjani. Akanionyesha fimbo ya breki inayokwenda gurudumu la nyuma na mahali nati inapokaa mwishoni. Ukitaka kutoa gurudumu, unaifungua kwanza. Ukishalirudisha, unaifunga. "Ukisahau hii, unaondoka vizuri kabisa. Siku ya kwanza unapokanyaga, hakuna breki. Kulikuwa na mtu ametoa gurudumu karibuni?"

Nikasema sijui. Lakini nilijua. Jioni ya kuamkia ajali tulikuwa na pancha.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na goti langu. Mzee wangu alikuwa sebuleni, amefungua redio, vyuma vyote mezani. Sikukaa.

"Ile pancha ya jioni kabla ya ajali, nani aliiziba?"

Bisibisi ikasimama. "Mimi."

"Na nati ya breki?"

Aligeuka kuutazama mlango. Nilidhani atakwenda kuangalia maji.

"Niliikuta kwenye mfuko wa shati," akasema. "Kesho yake, ninyi mko hospitali. Nilikuwa natafuta kiberiti."

Nikakaa sakafuni.

"Kwa hiyo nilipoapa, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuambia pedali ilikuwa tupu. Ukasema nilikuwa nakimbia."

"Nilisema." Alikuwa haniangalii. "Niliogopa utaniacha. Nikasema nitakuambia mtoto akipona. Mtoto akapona, nikasema nitakuambia mwakani. Halafu ikawa nimechelewa mno. Nikaona bora usipande tena, na mimi nisishike tena pikipiki, tuwe sawa."

"Tuwe sawa?"

Nilimtukana. Katika ndoa ya miaka thelathini sijawahi kumtukana mume wangu, na leo nilimtukana mpaka jirani akazima televisheni yake asikie vizuri. Nilimtukana kwa mguu wangu wa kulia, kwa kila mara niliyoutazama bafuni nikauchukia. Wiki hizi tano nilidhani ananinunia. Kumbe kila nilipowasha pikipiki ile alikuwa anaisikia nati mfukoni mwake.

Akalia. Sikumbembeleza. Nilimwambia, "Utamwambia binti yako. Wewe, kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimekaa pale."

13 Aprili

Nimelala chumba cha wageni. Kitanda kibovu, usingizi mzuri. Kilimani amepanda tena mwenzangu wa bondeni.

14 Aprili

Pikipiki imetoka kwa Bwana Kesho siku aliyoahidi. Mtaa mzima unashangaa. Nimepanda, milimita 19.8, saa tatu kamili. Mkuu alikuwa ameandaa viti viwili tuzungumze habari ya masjala. Niliweka karatasi kwenye kiti kimoja nikaondoka.

17 Aprili

Amemwambia. Alivaa shati la kutokea na akasimama, kama mtu aliyepelekwa mbele ya mwalimu mkuu. Hakupunguza kitu, hilo nampa. Pancha, nati, mfuko, korido.

Binti aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo miaka yote hii mama alikuwa anasema kweli?"

"Alikuwa anasema kweli."

Akachukua mkoba wake akatoka. Chai yake hakuigusa.

18 Aprili

33.1. Hajapiga simu.

19 Aprili

27.5. Hajapiga simu. Mzee anatembea ndani ya nyumba kwa vidole vya miguu. Nimemwambia akanyage chini, hakuna mgonjwa humu.

22 Aprili

Amekuja, alinikuta uani naosha tope kwenye magurudumu. Akageuza ndoo akakaa juu yake.

"Mama, darasa la sita tulipewa insha, tuandike jambo ambalo hatutalisahau. Niliandika habari ya mkono wangu. Niliandika mama yangu alikuwa anapenda kukimbia kuliko anavyonipenda mimi." Akaangalia magurudumu. "Nikapewa alama za juu kabisa. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa."

Sikujua insha hiyo ilikuwepo. Iliniuma, sitasema uongo, iliniuma sana. Nilimvuta nikamkumbatia na mikono yangu yenye tope, akalia kama alivyolia akiwa na miaka sita, akaharibu blauzi ya kazini.

Alipojifuta akasema, "Pikipiki bado siipendi."

"Sikukuomba uipende."

"Na baba yako yule sijui nimfanye nini."

"Baba yangu mimi? Huyo ni baba yako. Mimi nimekutana naye ukubwani."

Tukacheka mpaka mzee akachungulia dirishani. Alipotuona akarudi ndani haraka.

30 Aprili

Wiki nzima sijakosea gia hata mara moja. 46.0, 12.3, 0, 0, 5.5, 61.9, 20.4. Kwenye ile 61.9 kilimani palikuwa kama bahari ya ukungu. Niliimba kwa sauti yote ndani ya helmeti.

9 Mei

Mkuu ameniita. Hakuniambia nikae. Akasema makao makuu wameuliza inakuwaje kituo kigumu kuliko vyote ndicho kina siku zote kamili, na hata saa zimeandikwa za kweli. Akasema kilimani hakitafungwa, si msimu huu wala ujao. Akasema pia ofisi inafikiria kunipa mafuta.

"Ifikirie haraka," nikasema, tukiwa mlangoni.

16 Mei

Mvua inakata. 2.1.

Nimerudi chumbani kwetu, kwa sababu kitanda cha wageni kinaniua mgongo. Nimemweleza sababu ni hiyo, asije akajipa nyingine. Namchukia siku nyingine, siku nyingine nakumbuka alivyokuwa akimbeba mtoto mgongoni miezi mitatu ya hospitali bila kusema amechoka, na sijui nifanye nini na watu hawa wawili ambao ni mtu mmoja. Nampenda. Hilo halijaniondolea hasira, na sioni kwa nini iondoke kabla sijaimaliza.

23 Mei

Jioni amesimama mlangoni, ameshika kofia yake. "Kesho ni siku ya mwisho ya msimu," akasema. "Sijawahi kuona unapofanyia kazi. Utanipakia?"

Miaka ishirini na minane hajawahi kuona.

"Njia ipo," nikamwambia. "Tembea."

24 Mei

Nilipoamka upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu na viatu vyake havikuwepo. Nilikunywa chai bila haraka. Nikawasha.

Nilimkuta kwenye mteremko mkali, pale nilipoangukia. Amekunja suruali mpaka magotini, jasho linamtiririka, fimbo mkononi. Aliposikia mlio akasogea pembeni kwenye majani akasimama, kama watu wanavyompisha mwenye barabara. Nikapiga honi. Nikapandisha ya tatu kwa ncha ya kiatu, ikaingia laini kabisa, nikampita.

Alifika juu saa tatu na dakika tano, nimeshasoma, naandika. Mama mfuga mbuzi alimpa maji, akamwuliza kama yeye ndiye wa mikate. Alikunywa vikombe viwili. Kisha akaja akasimama kando yangu, akainama, akakiangalia kipimamvua muda mrefu bila kukigusa. Nadhani ni kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakutaka kukifungua.

"Imenyesha ngapi?" akauliza.

"Sufuri."

"Umekuja huku kote kwa ajili ya sufuri?"

"Kila mwaka."

Akatikisa kichwa pole pole. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakuyaficha, na mimi sikuangalia pembeni. Halafu nikaona anakitazama kiti cha nyuma cha pikipiki. Hakuomba. Alikitazama tu.

Nikafunga helmeti, nikatia karatasi mfukoni, nikakanyaga ya kwanza.

"Leo mchana zamu ya kupika ni yako," nikamwambia. "Usichelewe."